Lori Lililozima Kila Liliposimama

Same, Jumapili, alasiri

Mwanangu Namsifu,

Nakuandikia nikiwa ndani ya lori, karatasi nimeiweka juu ya usukani, maana nyumbani hakuna pa kukaa. Shangazi zako wamekalia viti vyote, mama yako amekalia sanduku lako ili lifunge, na babu yako mwinjilisti, tangu ashuke kutoka Myamba, amekalia kitanda changu wala hajauliza ni cha nani. Ukisikia honi usishtuke, ni kiwiko changu.

Mambo ya chandarua, ya sabuni, ya kutoazimisha blanketi na ya kutozungumza na vijana ndani ya treni, mama yako ameshakuambia. Nimemsikia mara nne, na mara ya nne alikuwa bado anaongeza mapya. Kwa hiyo huko siendi. Kesho unakwenda Moshi kusomea uuguzi. Watu wazima watakuvulia mashati na kukwambia ukweli wao, na mimi nataka usikie wangu kwanza.

Ni ile hadithi ya lori. Najua, usigune. Umeisikia tangu uko mgongoni mwa mama yako, na kila Krismasi nasimamishwa niisimulie wageni wakishashiba. Lakini hiyo uliyoisikia ni nusu, na nusu hiyo niliichagua mimi mwenyewe.

Basi nianze na ile unayoijua, safari hii bila chumvi, au kwa chumvi kidogo.

Kabla ya vita nilikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja mwenye duka hapa Same. Nilipandisha chumvi, mafuta ya taa na vitambaa mlimani, nikashusha kahawa, maharage na ndizi. Nilikuwa na kofia ya dereva na nilitembea kama mtu mwenye kofia ya dereva. Mama yako alikuwa Myamba, binti wa mwinjilisti, na baba yake hakutaka kusikia habari zangu. "Dereva ni mtu wa kupita," alisema. "Leo Same, kesho Kifaru, keshokutwa hajulikani. Binti yangu ataolewa na mtu anayekaa."

Wazee wa ukoo wao wakanionea huruma. Wakasema nipewe siku moja tu, Jumamosi fulani, nipeleke dengelua, pombe yetu ya miwa, wainywe wakinitazama. Wakiridhika, nimeoa. Wasiporidhika, nikajaribu kwingine. Mwinjilisti alisema pombe ni dhambi, wazee wakasema posa bila dengelua haijawahi kuonekana Upareni, na baada ya siku mbili za maneno wakapatana kwamba dengelua siku hiyo itaitwa maji ya miwa na yeye atakuwa anatazama migomba.

Wiki tatu kabla ya Jumamosi hiyo, lori likaugua. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa ajabu. Likiwa linakwenda lilikuwa zima kabisa, linapanda kona za Myamba na magunia thelathini bila kulalamika. Lakini ukiondoa mguu kwenye mafuta ili usimame, linatetemeka kidogo, kisha kimya. Kuliwasha tena ilikuwa kupiga hendeli mpaka bega likatae.

Mtu mwenye akili angetafuta ugonjwa. Mimi nilitafuta namna ya kutosimama.

Kina mama niliwafundisha kurusha vikapu vyao ndani lori likiwa linatembea polepole, kisha wapande wenyewe kwa nyuma. Wengi walijifunza upesi. Mmoja alirusha kikapu, akarusha kuku, akabaki yeye, na kuku yule alifika Same peke yake kama abiria aliyelipa. Wazee niliwapita njiani, nao huwezi kumpita mzee wa Kipare bila kusimama umsalimie vizuri, umuulize habari za nyumbani, za ng'ombe na za mguu wake. Nilikuwa natoa kichwa dirishani na kupiga kelele, "Shikamoo babu!" Marahaba yake niliipokea keshokutwa nikirudi, pamoja na matusi.

Hapa Same, kwenye njia panda, askari alinyoosha mkono nisimame. Nikamzunguka. Akauliza, "Cheti cha gari?" nikamwambia, nikizunguka, kwamba kipo. Akauliza, "Mbona husimami?" nikamjibu nikiwa mgongoni mwake. Alizunguka na mimi mara tano, kisha akashika kichwa na kuniambia niende zangu kabla hajatapika.

Mlimani ilikuwa nafuu, kwa sababu Upare Mungu hakuuwekea tambarare nyingi. Nilisimama palipoinama tu, pua ya lori ikitazama bondeni, na kuondoka ilikuwa kuachia breki. Taabu ilikuwa sokoni Myamba, pale penye usawa. Siku ya kwanza nilibahatika: baragumu la msaragambo lilikuwa limepulizwa, kila nyumba imetoa mtu mwenye jembe kwenda kutengeneza barabara. Nikawaambia barabara bila lori ni njia ya mbuzi, kwa hiyo kusukuma lori nako ni msaragambo. Wakasukuma. Kesho yake wakasukuma. Wiki ya pili, wakiona vumbi langu kule chini walikuwa wanaingia ndani na kufunga milango. Bibi mmoja akasimama mbele ya jumbe akasema, "Asiyekuja msaragamboni anatozwa faini. Huyu anayeuita kila siku tunamtoza nini?" Jumbe akawaambia warudi mashambani, na mimi nikakosa wasukumaji.

Hapo watu hucheka, na mimi huruka moja kwa moja mpaka Jumamosi ya dengelua, lori linapozima mlangoni kwa babu yako na wazee wanakuja kulisukuma na vibuyu mkononi. Mwishoni nasema fundi aliacha uchafu kwenye kabureta, uchafu ukatolewa, nikaoa. Watu wanapiga makofi. Mama yako anatikisa kichwa. Mjomba wako Sefania, akiwepo, anacheka kwa adabu na kutazama miguu yake.

Sasa kaa vizuri, maana nusu nyingine ndiyo hii.

Mjomba wako Sefania, huyu unayemjua na migomba yake na maneno yake machache, enzi zile alikuwa fundi hapa Same. Na si fundi wa kubahatisha. Wengine walifungua injini kama watu wanaotafuta pesa zilizopotea, kila kitu chini. Sefania alikuwa anakaa kwanza kwenye jiwe, anakuomba uwashe, anasikiliza. Anasema, "Zima." Anafikiri. Anasema, "Washa." Mtu angeweza kulala hapo. Kisha anainuka, anafungua nati mbili, na gari linapona. Mimi nilikuwa rafiki yake, nilimpenda, na nilimwonea wivu kiasi cha kushindwa kula.

Alilihudumia lori langu, akaniambia, "Liko sawa. Kabureta usiiguse." Kisha akapanda Myamba kuvuna mahindi ya baba yake.

Unadhani niliigusa lini? Kesho yake. Sikuwa na sababu yoyote. Palikuwa na vijana wanatazama, nikataka waone kwamba na mimi najua. Nikaifungua kabureta, nikaitazama, nikatikisa kichwa kama daktari. Nilipotaka kuirudisha nikakuta nimechana gasketi, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya kabureta na injini ili hewa isipenye. Mpya ilikuwa itoke Moshi, wiki nzima. Ningemwambia nini tajiri?

Nikatafuta karatasi ngumu Same nzima. Hakuna. Nikaingia chumbani kwangu, nikafungua kisanduku changu, na humo palikuwa na karatasi moja nzuri kuliko zote nilizowahi kumiliki, nene, laini, yenye mhuri. Mwanangu, ilikuwa cheti changu cha kipaimara.

Nilikikata kwa wembe. Nilikikata vizuri sana, matundu yote sawasawa, na nilijisifu. Nikaifunga kabureta, nikawasha, likaunguruma. Siku ya tatu karatasi ilikuwa imekauka kwa joto, imenywea, hewa ikaanza kupenya pembeni. Gari likiwa na mwendo, hewa kidogo hiyo halina habari nayo. Likitulia, ndiyo inayoliua. Hili nalijua leo. Siku zile nilibadili plagi zote. Nilisugua vichwa vya betri mpaka vikang'aa kama sahani za Krismasi. Petroli niliichuja kwa kitambaa, kisha nikaichuja tena kwa kitambaa kingine, nikamgombeza na aliyeiuza. Nililaumu joto la Same na baridi ya Myamba. Lori lote nililipekua, isipokuwa mahali pamoja tu nilipopitisha mkono wangu mwenyewe. Pale nilikuwa na hakika pako sawa, kwa sababu nilipatengeneza mimi.

Na watu walipouliza, nilikuwa na jibu. "Tangu Sefania aliguse." Nilisema dukani, nikasema stesheni, nikasema sokoni Myamba katikati ya kundi linalosukuma. Sikusema kwa ubaya, au nilijiambia hivyo. Lakini maneno yana miguu. Mwenye gari la pili akaacha kumpelekea kazi, na wa tatu. Babu yako akasikia kwamba mwanawe anaharibu mali za watu, na unamjua babu yako. Kwake kulegea kazini na kuiba sadaka ni dhambi moja.

Ikafika Jumamosi. Nimevaa koti la kuazima. Vibuyu vya dengelua viko nyuma ya lori, mshenga wangu akivikumbatia kila kona. Nikafika mlangoni kwa babu yako, uwanja uko sawa kama meza, nikaondoa mguu. Kimya. Wazee wakatazamana. Mmoja akasema, "Limefika au limekufa?"

Babu yako akaacha kutazama migomba. Akamwita Sefania mbele ya watu wote. "Njoo uitazame kazi yako."

Mjomba wako alikuja bila haraka. Hakunisalimia. Akaniambia niwashe na kushikilia mafuta kwa mguu, nishushe polepole. Akasikiliza, sikio limeelekea kwenye injini, macho yamefumba. Kisha akaokota unyoya wa kuku uwanjani, akauchovya kwenye mafuta ya injini, akaupitisha taratibu kuzunguka kiungo cha kabureta. Unyoya ulipofika upande mmoja, lori likatulia. Likakaa linanguruma peke yake, mguu wangu uko hewani. Mafuta yalikuwa yameziba pale hewa ilipokuwa inapenya. Yakakauka, likazima. Akapaka tena, likatulia tena. Wazee wakasema, "Aa!" wakidhani ni dawa.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Jasho lilinitoka mpaka koti la watu likalowa.

Akafungua nati. Akanyanyua kabureta. Akaitoa gasketi na kuigeuza. Kwa ndani ilikuwa na mwandiko mzuri wa wino, na jina langu, nusu yake, na kipande cha mhuri wa kanisa. Nilimwona akisoma. Alisoma kama mtu anayesoma kaburi.

Fikiria, Namsifu. Mwinjilisti amesimama hatua tatu nyuma yake. Angegeuka tu aseme, "Baba, huyu anayetaka kumwoa binti yako amekikatakata cheti cha kipaimara akakitia kwenye injini, kisha amenisingizia mimi." Maneno hayo machache tu. Dengelua ingemwagwa, na ingekuwa haki. Wewe usingekuwepo wa kuandikiwa barua.

Alitazama mlango wa jikoni. Mama yako alikuwa amesimama hapo, ameshika mwiko, hapumui. Kisha akanitazama mimi. Sijawahi kutazamwa vile tena, na sitaki.

Babu yako akauliza, "Ugonjwa ni nini?"

"Uchafu, baba," mjomba wako akasema. "Niliacha uchafu."

Akaikunja ile karatasi, akapita nayo mahali walipokuwa wanababua kuku, akaitia motoni. Akakaa chini, akavua kiatu chake, akakata ulimi wa ngozi wa kiatu hicho, akautoboa matundu na kuulowesha mafuta, akaufunga mahali pake. Likawaka. Lilikaa uwanjani linanguruma mpaka wazee wakachoka kulisikiliza wakaomba lizimwe wanywe kwa utulivu.

Ndipo babu yako alipomwambia, "Lete spana zako. Asiyesafisha kazi ya watu asishike kazi ya watu. Utalima." Akazileta. Zilikuwa zimefungwa kwenye kitambaa, kila moja na mfuko wake. Akampa baba yake kwa mikono miwili.

Na mimi? Huu ndio mfupa ulionikaa kooni miaka ishirini. Mimi nilimsogelea mbele ya wale wazee, nikamshika bega, nikasema, "Usijali, shemeji. Binadamu hukosea."

Nilimsamehe, mwanangu! Mimi nilimsamehe yeye! Na wazee wakasema huyu kijana ana moyo, wakaomba kibuyu kingine.

Mchungaji alipodai cheti siku za kuandikisha ndoa, nilisema kimeliwa na mchwa. Babu yako akapata mahubiri ya juma zima juu ya hazina za duniani, na mchwa wa Same wakasingiziwa vilevile.

Utaniuliza kwa nini sikusema baadaye. Kwanza niliogopa harusi isivunjike. Kisha mama yako alikuwa na mimba yako, nikasema asisumbuliwe. Kisha ulizaliwa, nikasema babu amefurahi, nisimharibie furaha. Kila mwaka uliniletea sababu safi, imepigwa pasi. Mwishowe ikawa kichekesho cha ukoo, na kichekesho ni kigumu kukiungama kuliko wizi. Wewe mwenyewe ulipokuwa na miaka saba, cherehani ya mama yako iligoma, mjomba wako akainama kuitazama. Ukamwambia, "Mjomba usiguse, utaiua kama gari la baba!" Watu walicheka mpaka wakalia. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, na yeye akanyanyuka polepole akaweka mikono nyuma. Hukufanya kosa. Ulikuwa unasema ulichofundishwa, na mwalimu nilikuwa mimi.

Mwaka jana lori moja liliharibika chini ya shamba lake. Nilikuwa napita nikaona. Dereva amekwama tangu asubuhi, mjomba wako amesimama juu ya ukingo, kati ya migomba, anasikiliza. Mikono nyuma. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi, "Jaribu plagi ya tatu." Dereva akajaribu, likawaka. Alipogeuka kushukuru, Sefania alikuwa ameshaondoka. Niliegesha mbele ya kona nikalia, na mimi si mtu wa kulia, labda nikibanwa kidole.

Utakosea huko uendako. Wote mnaosomea kutibu mtakosea, na wengine watakuwa na vyeti vinene kuliko changu. Mimi sina ushauri juu ya dawa. Ninachojua ni kwamba siku mgonjwa wako atakapozidiwa, mkono wa kwanza kuutazama uwe wako, na utazame mapema, wakati bado ni gasketi tu. Ukichelewa, utakuta ni maisha ya mtu.

Mama yako hajui haya. Miaka yote amekuwa akimwonea kaka yake haya, na leo hii amempa kazi ya kubeba sanduku lako kwa sharti kwamba asiguse kufuli. Atakasirika, na ana haki. Babu yako anajua nusu ileile uliyokuwa unaijua wewe. Sefania mwenyewe sijui atasema nini. Huenda hatasema kitu. Sijui hata kama mikono yake bado inataka spana.

Kesho, kabla hatujakusindikiza stesheni, babu yako atasali, kisha atasema kama kawaida yake, "Sasa baba mtu aseme neno." Watakuwepo wote watatu. Nimekusudia kusema neno hilo. Lakini ninajijua. Nimekusudia harusini, nimekusudia kwenye ubatizo wako, nimekusudia Krismasi kumi na tisa, na kila mara nilipofungua kinywa palitoka habari za mvua.

Kwa hiyo nimekuandikia, ili nisiwe tena na pa kukimbilia. Barua nitaitia ndani ya kiatu chako cha safari, uikute ukivaa. Usimpe mama yako, aisikie kwangu. Na babu akishanipa nafasi, nikasimama, nikakohoa, nikaanza kusema mwaka huu mvua zimechelewa, tafadhali mwanangu, usinionee huruma. Simama mbele yao wote uniulize, "Baba, gasketi uliikata kutoka kwenye karatasi gani?"

Baba yako akupendaye na kukuogopa kidogo.